Shaba ya Kilembe haitoshi kupimwa kwa namba moja

Kila Mto Nyamwamba unapofurika, kama ilivyotokea mwaka 2013 na tena 2020, watu wa Kasese, magharibi mwa Uganda, hurudi kuulizana ni shaba kiasi gani iliyosombwa kutoka kwenye vifusi vya mgodi wa Kilembe, uliofanya kazi tangu 1956 hadi 1982, na ni kiasi gani inayofika Ziwa George. Swali ni la haki. Hata hivyo, naona tunalijibu vibaya tunaporidhika na namba moja ya miligramu kwa lita, kwa sababu namba hiyo hujumlisha shaba yote bila kusema ni ipi inayoweza kudhuru viumbe.

Wanaochunguza sumu ya metali kwa mwani wa baharini wanalijua jambo hili siku nyingi. Inayoingia kwa urahisi katika seli za mwani ni shaba iliyo katika ioni huru, yaani chembe zenye chaji zisizoshikwa na kitu kingine, ilhali sehemu kubwa mno ya shaba iliyoyeyuka baharini imeshikwa na kaboni itokanayo na viumbe. Kadmi, metali nyingine yenye sumu, nayo hushikwa na kloridi iliyomo katika chumvi. Maji ya mto yanapoingia na kupunguza chumvi, mwani hufyonza kadmi zaidi, ingawa kadmi yenyewe haikuongezeka hata chembe.

Sisi Uganda hatuna bahari, na mwani ninaouzungumzia ni ule mdogo mno unaoyafanya maji ya Ziwa George kuwa ya kijani na kuwalisha samaki aina ya ngege. Ziwa hilo lina kina cha wastani cha takriban mita 2.4 tu, kwa hiyo kemia yake hubadilika upesi. Mchana mwani unapofyonza kaboni dioksidi, pH (kipimo cha asidi, ambacho hupanda asidi inapopungua) hupanda, usiku hushuka. pH inapopanda, shaba nyingi hujifunga na kabonati na ioni huru hupungua, lakini wakati huohuo hupungua pia ioni za haidrojeni zinazogombea na shaba nafasi juu ya seli, hivyo shaba huru iliyobaki, hata ikiwa kidogo, hupenya kwa wepesi zaidi. Kalsiamu na magnesi hugombea nafasi hizohizo. Ndiyo maana sampuli ya alfajiri na ya alasiri, zenye shaba sawasawa, huweza kuwa na madhara tofauti.

Karibu na vifusi, piriti, madini ya chuma na salfa, ikikutana na hewa na mvua hutoa asidi inayoyeyusha shaba. Kwenye vinamasi vya ziwani, asidi za mboji ya mafunjo huishika. Anayefyeka mafunjo ili alime anaondoa kinga ambayo hakuna ripoti ya shaba pekee itakayoionyesha.

Mwaka 2007 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilipendekeza viwango vya shaba katika maji baridi vikokotolewe kwa kuzingatia pH, kaboni ya viumbe iliyoyeyuka, kalsiamu na vinginevyo. Sipendekezi tuvinakili, maana viliegemea zaidi samaki na wanyama wadogo wa majini wasio na uti wa mgongo kuliko mwani. Ninachotaka ni kila ripoti ya Nyamwamba iwe na pH iliyopimwa palepale ukingoni pamoja na saa ya kupima, ugumu wa maji (yaani kalsiamu na magnesi yake), kaboni ya viumbe iliyoyeyuka, na shaba ya maji yaliyochujwa ikitengwa na shaba yote. Kipimo cha pH ni cha bei nafuu. Kaboni ndiyo inayohitaji maabara nzuri, na hapo ndipo ningependa fedha za ufuatiliaji zielekezwe kwanza.