Mgonjwa anapelekewa machungwa, mchicha umekosea nini?

Wifi yangu ana mimba ya miezi sita, juzi kapimwa kliniki akaambiwa ana damu tisa, yaani ndogo. Basi ukoo mzima ukahamia kwake. Kila anayeingia ana mfuko wa machungwa ya Muheza, wengine boksi za juisi ambazo ukisoma ubavuni ni maji, sukari na picha ya chungwa. Mi nikaingia na mafungu matatu ya mchicha kutoka genge la kona. Nikachekwa. Shangazi akasema kabisa, "Na wewe mwanangu, mgonjwa analetewa majani?"

Majani!

Haya, tuongee. Gramu 100 za mchicha mbichi zina madini ya chuma kama miligramu 2.3, chungwa la uzito huohuo lina 0.1. Kalsiamu mchicha 215 hivi, chungwa 40. Foleti, ile wanayosisitiziwa wajawazito kila siku, mchicha unazidi mara mbili na ushee. Hata vitamini C yenyewe ambayo chungwa linaringia ni 53 kwa 43, yaani limeshinda kwa penalti. Ukubwa wa chungwa ulianzia kwenye kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. James Lind, daktari wa meli Mskoti, mwaka 1747 aliwapa mabaharia wawili machungwa na malimao wakainuka haraka kuliko wenzao. Sawa, heshima yake. Ila wifi yangu hana kiseyeye, ana damu ndogo.

(Vidonge vya kuongeza damu anameza, msije mkasema nimemwachisha.)

Sasa kinachoniuma kuliko yote ni jikoni. Shangazi huyohuyo akachukua fungu la kwanza, akakatakata kwanza ndo akaosha, beseni likawa kijani, akamwaga. Akabandika sufuria la maji, akatia na magadi "ulainike", ukachemka mpaka rangi ikawa kama sare ya mgambo, akaukamua kwa mikono miwili, maji yote kwenye sinki, halafu ndo akaanza kuuunga na vitunguu, moto upo palepale. Jamani vitamini C inayeyuka kwenye maji, inakufa kwa moto, na magadi ndo yanaimalizia. Na hiyo ndo inayosaidia chuma cha mboga kuingia kwenye damu, maana chuma cha mboga ni kikaidi, si kama cha nyama au maini, hakiingii hivihivi. Kwa hiyo chuma kimebaki kwenye sahani na msaidizi wake kaenda na bomba la maji machafu, halafu mtu anasema mchicha hauongezi damu. Utaongezaje?

Hapo chungwa nalipa haki yake, kwa shingo upande. Linaliwa bichi, hakuna shangazi wa kulichemsha. Likiliwa pamoja na mboga linafanya kazi nzuri tu. Likija peke yake kumi kumi kwenye mfuko, ndo siwaelewi.

Na asije mtu hapa na kisamvu akasema tukile nusu mbichi. Kisamvu kinatwangwa na kinachemshwa sana, kina sumu kile. Naongelea mchicha.

Fungu la pili nikapika mwenyewe. Nikaosha majani mazima, nikakata, kitunguu na nyanya kwenye mafuta kidogo, mchicha ukaingia na maji yake yaleyale ya kuoshea yaliyobaki kwenye majani, dakika chache nikaepua ungali kijani. Kwenye sahani nikakamulia ndimu. Wifi kala, kaongeza ugali, kafuta sahani kwa tonge. Shangazi kaonja kwa ncha ya kidole, "Mbona kama haujaiva?", ila kidole kikarudi mara ya pili na ya tatu, nilikuwa nahesabu.

Nikajiona nimeshinda. Nageuka hivi, namuona anatoka jikoni na chupa ya chai ya rangi na kikombe.

"Kunywa mama, ushushie."

Chai ya rangi, juu ya chuma nilichokipigania mchana kutwa, kisiingie tena! Ile chupa iko kwangu mpaka leo, wameulizia mara mbili.