Kihisi ndani ya zege: nani atakisikiliza?

Fundi akiushuku ufa hupaka plasta nyembamba juu yake, akaandika tarehe kwa msumari, akaenda zake. Siku akirudi akikuta imekatika, anajua ukuta unatembea.

Uchapaji wa 3D, yaani kujenga kwa printa inayomwaga zege, unataka kazi hiyo ifanyike ndani kwa ndani. Printa hujenga tabaka juu ya tabaka, hivyo unaweza kuisimamisha kidogo, ukalaza uzi wa kioo mwembamba kama unywele, zege likaendelea juu yake. Uzi ukivutika, mwanga unaopita ndani yake hubadilika, na badiliko hilo husomwa na mashine. Uzi huo ndio kihisi. Kwa nguzo za gati hiyo si anasa. Kutu ya nondo huanza ndani, na zege linapobanduka ukaiona, ugonjwa ni wa siku nyingi.

Lakini cha kuzikwa hakibadilishwi betri. Waya ukiliwa na chumvi hii hii yetu, huutoi bila kuvunja. Tena kihisi ni mgeni ndani ya zege: lisipokishika vizuri panabaki uwazi, na ufa hupenda kuanzia hapo. Kioo nacho huliwa na ukali wa saruji kisipovishwa koti. Daraja la chuma la kampuni ya MX3D kule Amsterdam, la mita 12, lililofunguliwa 2021, lilichapwa kwanza, vihisi vikafungwa baadaye. Kimoja kikiharibika, kiliweza kufunguliwa na kubadilishwa.

Kwetu mtu atataja Beit al Ajaib ya Zanzibar, jumba la 1883 lililoporomoka sehemu Desemba 25, 2020, likaua watu wawili. Uchakavu wake haukuwa siri. Lilikuwa kwenye ukarabati siku hiyo hiyo. Kilichokosekana ni kujua saa. Hapo nawakubalia wapenzi wa vihisi, ila kwa jengo la mawe na chokaa lililokwisha kujengwa huna pa kuzika kitu. Kipima mwinamo cha kubandika ukutani ndicho kingefaa, pamoja na king'ora.

Mimi ningezika vihisi kwenye misingi na nguzo za majini tu, mkono usikofika. Kwingine nibandike nje. Na kabla ya kununua hata kimoja, niambiwe simu itakayolia saa nane za usiku ni ya nani, na mshahara wake umo kwenye bajeti ipi.