Jetiski Imerithiwa Ikiwa Hai

Jamani, hapa kwetu Jambiani usithubutu kukiacha kitu kikalala. Kikilala miezi mitatu tu watu washaanza kukigawa mirathi, na mwenyewe yupo, anapumua, anakunywa chai barazani.

Mie nina jetiski. Msicheke. Niliinunua mwaka juzi kwa mtu aliyekuwa anafunga biashara yake, akaniapia kwamba hii bwana ukiigusa tu inawaka. Na kweli, msimu wa kwanza nilikuwa nikiigusa inawaka. Kwa haki yake hata si Jet Ski, maana hilo ni jina la Kawasaki, wao wakaanza kuuza vya kwao mwaka 1973, na yangu si ya kwao. Lakini kwetu dawa ya meno yoyote ni Colgate, basi na yangu ni jetiski. Mama yangu anaiita pikipiki ya maji, na kila akiiona huuliza kwa nini sikununua pikipiki ya kweli, angalau apate wa kumfikisha Makunduchi.

Masika yakaingia, wageni wakapungua, Aprili hoteli zikafunga milango. Nikaikokota kwa kigari chake cha magurudumu mawili mpaka uani, nikaiweka chini ya mkungu, nikaitupia turubai. Basi. Huo ndio uliokuwa utunzaji wangu. Petroli sikuimwaga, betri sikuitoa, hata tone la mafuta sikuipaka. Nilisema imechoka, ipumzike. Nani aliniambia mashine inapumzika?

Mwisho wa Juni, kusi linavuma, wageni wameanza kuonekana na kofia zao, nikaenda kuliondoa turubai. La ilaha! Juu ya usukani nguo za watoto zimeanikwa. Kwenye pahala pa kuwekea miguu kuku amejitandikia, kalalia mayai saba. Nikanyoosha mkono, mke wangu, Mama Asha, akanipigia ukelele kutoka jikoni:

"Usimguse! Anatotoa Jumatano!"

Leo Ijumaa. Chombo cha mamilioni kinasubiri ruhusa ya kuku.

Siku hizo tano nikazitumia kufanya hesabu ya warithi. Jetiski ina ile kamba nyekundu iliyojiviringa, unaivaa mkononi, na ncha yake ina kipini kinachochomekwa karibu na kitufe cha kuwashia. Ukianguka, kinachomoka, mashine inazima yenyewe isikukimbie. Bila kipini hicho haiwaki ng'o. Nikaitafuta kabatini, nikaitafuta juu ya dari, nikaikuta shingoni mwa mbuzi. Nyuma kule chini mna vizibo viwili vya kumwagia maji yaliyoingia ndani. Kimoja kimeziba dumu la mafuta ya taa la mama. Cha pili mwanangu anachezea nage. Na huyo mbuzi, nilipomvua kamba, akanitazama kama mie ndiye mwizi.

Jumatano kuku akatotoa, vifaranga sita, hongera yake. Nikapanda, nikachomeka kipini, nikabonyeza.

Kimya.

Si tik, si ngoo. Kimya cha makaburini. Nikafungua kiti nitazame betri, nikaona jambo la ajabu: waya mwekundu uko kwenye hasi, mweusi uko kwenye chanya. Nikampigia simu shemeji, kaka yake Mama Asha, kwa sababu mambo ya ajabu katika nyumba hii yana njia moja tu.

"Shemeji, betri yangu imeguswa?"

"Sijaigusa, shemeji. Niliazima tu."

"Uliazimia nini?"

"Mpira. Umeme ulikatika, nikaungia televisheni."

"Siku moja?"

Akanyamaza kidogo. "Ligi nzima, shemeji. Lakini nimeirudisha."

Kairudisha kweli, kinyumenyume. Fundi wa pikipiki akaja na testa yake, volti 9.8. Betri ya volti 12 ikiwa imeshiba, imetulia, husoma kama 12.6. Hii yetu ilikuwa imekufa, inangoja kuoshwa tu. Ikapelekwa kuchajiwa usiku kucha, ikarudi na uhai, tukaifunga nyekundu kwa nyekundu. Nikabonyeza. Kimya kile kile.

Fundi akanusanusa, akaitoa fyuzi kubwa. Imekatika. Ndivyo inavyokuwa, ukigeuza nguzo za betri fyuzi ndiyo inayotangulia kufa. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa paketi ya sigara, akaanza kuchana ile karatasi ya fedha.

"Fundi, unafanya nini?"

"Naweka fyuzi, bosi."

Nikamzuia. Fyuzi kazi yake ni kufa ili wenzake waishi. Ukiweka karatasi ya sigara umeweka mlinzi asiyekufa, watakufa waliolala ndani. Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu mwenye pesa za kuchezea. Basi nikapanda daladala mpaka mjini kutafuta kifyuzi cha ukubwa wa ukucha, na nauli ya kwenda na kurudi ikapita bei yake. Lakini hilo silitaji mbele ya Mama Asha.

Nilivyorudi, uwanja umejaa. Sijui nani huwapelekea watu habari. Baraza lote la kahawa limehamia kwangu na vikombe vyao. Nikabonyeza, stata ikazunguka: nye-nye-nye-nye. Watu wakapiga makofi. Lakini kuzunguka si kuwaka. Nye-nye-nye, nye-nye, mpaka betri ikaanza kulia kwa sauti ya mtoto mwenye njaa.

Ami yangu, mzee wa heshima zake, akatikisa kichwa. "Chombo kimelala peke yake chini ya mkungu tangu masika. Hiki kimeingiwa. Kisomewe."

Nusu ya baraza ikakubali. Akanyanyuka nahodha mmoja mstaafu, mtu wa maneno machache, akafungua kifuniko cha tangi, akatia pua. "Hii si petroli. Hii vanishi."

Huyo ndiye mtu wa pekee siku ile aliyesema jambo la maana, na kalisema kwa pua. Petroli ikikaa miezi, ile nyepesi inayoshika moto upesi inaruka zake, na inayobaki inageuka nzito, inafanya gundi. Gundi inateremka kwenye kabureta, na matundu ya kabureta ni membamba kama tundu la sindano. Tundu likiziba, unaweza kubonyeza mpaka Mwaka Kogwa na haitawaka. Tukaimwaga yote kwenye dumu. Jirani akaiomba akapakie mlango. Unaona? Hata uchafu wake una mrithi.

Sasa bei. Fundi kusafisha kabureta ya pikipiki hutaka elfu kumi. Ya kwangu akataka arubaini.

"Kwa nini?"

"Hii ya baharini. Ina chumvi."

"Chumvi gani, nayo haijaiona bahari tangu Machi?"

"Ndiyo chumvi kavu, bosi. Hiyo mbaya zaidi."

Tukaelewana kwa ishirini na tano na sahani ya wali. Akaifungua, akaipuliza, akaifutia kanga ya Mama Asha, na hilo nalo litakuja kuwa na kesi yake. Plagi tukazitoa zote mbili, nyeusi, zimelowa, tukazisugua kwa brashi ya waya mpaka zikapata haya. Mashine yangu ni ile ya kuchanganya mafuta, oili lita moja kwa petroli lita hamsini, kama mashine nyingi za mashua, kwa hiyo kuchanganya kila mtu uwanjani anajua, na kila mtu alichanganya kwa maneno.

Ijumaa, kabla ya sala, nikabonyeza. Nye-nye-nye, ngrrr, VUUUU! Moshi mweupe ukafunika uwanja, kuku na vifaranga wake wakahama mtaa, mama akatoka anauliza nani kafariki. Nikahesabu kumi, nikaizima.

Kelele! "Mbona umezima? Washa! Acha iungurume!" Nikawaambia, hii inapozwa na maji inayoyavuta yenyewe ikiwa baharini. Nchi kavu ukiiacha zaidi ya sekunde kumi na tano hivi unaunguza roho yake. Ukitaka kuiacha iungurume uani unaifunga mpira wa bomba. Na mpira una sheria: kuwasha, mashine kwanza, maji baadaye, kuzima, maji kwanza, mashine baadaye. Ukikosea, maji yanakosa moshi wa kuyasukuma nje, yanarudi kwa njia ya ekzosi mpaka ndani ya silinda.

Wakati natoa mhadhara huo, shemeji, aliyekuwa anatafuta radhi tangu ile habari ya betri, alikuwa nyuma yangu anafunga mpira. Nikamwona na sikuogopa. Bomba letu lilikuwa halijatoa tone wiki nzima. Shemeji akalifungua kwa moyo safi, na siku hiyo maji yakaja kwa nguvu kama yanadaiwa.

"Shemeji, nimeshafungua!"

Nikabonyeza. Koh! Mara moja, kama mtu aliyekabwa na mwiba wa samaki. Ikakwama. Hewa unaweza kuibana, maji hayabanwi, na silinda zimejaa maji. Nikashuka, nikakaa chini kwenye mchanga, nikamtazama shemeji bila ya kusema kitu. Mama Asha akasema, "Lakini kakusaidia." Nami nikanyamaza, kwani nyumba ni yake.

Nahodha akatuokoa tena. Toeni plagi zote, bonyezeni stata, maji yatatoka yenyewe kwenye matundu. "Ila," akasema, "mtu asisimame usawa wake." Sote tukarudi nyuma. Sote, isipokuwa ami, aliyekuwa amevaa kanzu jeupe la Ijumaa, kapiga pasi mwenyewe, kapaka na udi. Yeye alikuwa ameinama anachungulia tundu la plagi amwone aliyeingia.

Nilipomwona nilishabonyeza.

Maji, oili na petroli, vyote pamoja, usoni, kifuani, kanzu likawa ramani ya Pemba na visiwa vyake. Uwanja ukatulia. Ami akajifuta macho polepole, akatutazama mmoja mmoja, akasema:

"Si nilikwambieni kimeingiwa?"

Hapakuwa na wa kumjibu.

Jumamosi ikawaka kama mpya. Nikavirudisha vizibo, cha dumu na cha nage, nikavikaza kwa mkono wangu, maana ukivisahau chombo kinakunywa bahari kwa nyuma huku wewe unapunga mkono mbele. Vijana wanne wakanisaidia kuisukuma kwa kigari chake mpaka ufukweni. Saa nne asubuhi tumefika, jasho linatutoka, nikainua kichwa.

Bahari hapana.

Mwezi mpevu, bamvua, maji hujaa mno na kupwa mno, na bamvua kwetu hukupwa saa nne. Mie mtoto wa Jambiani, nimezaliwa hapa, nimekulia hapa, kwa wiki nzima nimesoma betri, fyuzi, plagi na kabureta, na nikasahau kutazama mwezi. Maji yako kule mbali kwenye mwamba, mstari mweupe mwembamba. Kati yangu na maji hayo ni mchanga, nyasi za bahari, na kinamama wameinamia vigingi vya mwani, kazi iliyopo hapa tangu 1989, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukosea saa ya maji.

Vijana wakachukua ujira wao wakaondoka. Nikabaki nimekaa juu ya jetiski, juu ya kigari, juu ya mchanga mkavu, kama sanamu la kiongozi aliyepinduliwa. Wageni wawili wakanipiga picha, bure.

Saa sita maji yakaanza kurudi, na kinamama wakatoka nayo. Wa kwanza alikuwa Bi Mkubwa mmoja, gunia la mwani mbichi kichwani, linamchuruzika mpaka miguuni. Akasimama mbele yangu, akaitazama jetiski, akayatazama magurudumu, akanitazama mie.

"Mwanangu, hicho kigari chako unakodisha?"

"Bibi, hii ni jetiski."

"Naona. Mpaka barabarani kiasi gani?"

Nikamwambia elfu moja. Akalitua gunia kwenye kiti, nyuma yake wakapanga foleni wengine watatu, na shemeji akatokea sijui wapi, akashika upande wa pili, tukaanza kusukuma.