Sayansi huria huanzia kwenye jedwali

Tangu UNESCO ipitishe Pendekezo la Sayansi Huria, yaani utafiti na data zake ziwe wazi kwa wote, mwezi Novemba 2021, sijakutana na mtafiti hata mmoja anayelipinga waziwazi. Ugumu huanza siku mtu anapoombwa data zenyewe.

Nimewasimamia wanafunzi kadhaa wa uzamili, na majedwali yao huniletea maradhi yale yale: safu moja ina "ndiyo", "Ndio", "N" na "1", zote zikimaanisha jambo moja, tarehe 03/04 haijulikani kama ni ya Machi au ya Aprili, seli zimepakwa rangi ya njano kwa sababu ambayo aliyezipaka ameshaisahau. Jedwali la namna hiyo hata likiwekwa mtandaoni halimfai mtu. Wala tusidhani haya ni ya wanagenzi tu. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alipopewa faili la Excel la wachumi wa Harvard Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, alikuta fomula ya wastani imeziruka nchi tano, na faili hilo ndilo lililobeba makala yao ya 2010 kuhusu madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi, ambayo wanasiasa waliotaka serikali zibane matumizi waliinukuu sana. Kosa lilionekana kwa kuwa wenye faili walikubali kulitoa.

Mafunzo mengi niliyohudhuria huja mwishoni, utafiti ukiwa umekwisha: warsha ya nusu siku, maelezo ya namna ya kupakia data katika hazina ya mtandaoni kama Zenodo, kisha vyeti. Kupakia ni kazi ya dakika chache. Stadi ngumu zinahitajika kabla ya kwenda uwandani, hasa wakati wa kuandika fomu ya ridhaa. Mtafiti akiwaahidi wanakijiji kwamba majibu yao yataonwa na yeye peke yake, kisha yateketezwe baada ya miaka mitano, amekwisha kuufunga mlango, na ni vigumu kurudi kuwatafuta wote awaombe ruhusa nyingine. Tena kufuta majina hakutoshi: mkunga pekee wa zahanati hutambulika kwa kazi yake na jina la kata tu, na Tanzania inayo sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022.

Kwa hiyo ningependa mafunzo haya yawekwe katika muhula wa kwanza, kwa mtindo wa Software Carpentry, mradi ulioanzishwa 1998 wa kuwafundisha watafiti stadi za kompyuta, ambapo mwanafunzi huandika amri mwenyewe badala ya kutazama slaidi. Ila kila mmoja aje na dodoso lake, si data za mfano. Wasimamizi nasi tukae madawati yale yale. Aliyenisimamia hakuwahi kuliomba faili langu, nami kwa miaka mingi niliwadai wanafunzi sura za tasnifu peke yake. Mwaka huu nimeanza kuomba jedwali la majaribio na fomu ya ridhaa kabla ya sura ya kwanza, na wawili tayari wamelazimika kuandika madodoso yao upya.