Siga Nyepesi

Nilikuwa nimesoma kuhusu siga na bia kwa jioni mbili tu, lakini jioni mbili zinamtosha mtu asiye na haya kujifanya bingwa. Nilijua kwamba vitu hivi viwili huoanishwa kwa uzito wake: siga ya jani la nje lenye rangi hafifu hupewa bia nyepesi kama pilsna, na ile ya jani jeusi, liitwalo maduro, hupewa stauti, kwa kuwa kimea kilichokaangwa hadi kikawa cheusi huipa bia hiyo ladha ya kahawa na chokoleti ambayo huelewana na tumbaku ya namna hiyo. Basi nikamwalika shemeji yangu, mtu mpole asiyewahi kunibishia, nipate wa kumhutubia.

Nilinunua siga mbili na bia za aina mbili za viwanda vidogo, pilsna na stauti ya asilimia 11 ya kileo. Siga moja ilikuwa ya rangi hafifu, isiyo na maelezo yoyote. Ya pili ilikuwa nyeusi, na kikaratasi chake kilisema kwamba ndani yake mlikuwa na majani mengi ya ligero. Nikafungua kamusi ya Kihispania, nikaona kwamba ligero maana yake ni nyepesi. Hapo ndipo hila iliponiingia: nilimkabidhi shemeji ile ya rangi hafifu, nikiamini kwamba ndiyo kali, kisha nikajitwalia ile "nyepesi" na stauti yake.

"Wewe ni mgeni, shemeji," nilimwambia, "kwa hiyo unastahili iliyo bora."

"Ahsante sana, shemeji. Hakika unanijali."

Kichwa cha siga hukatwa milimita mbili hivi, kiasi cha kuondoa kile kifuniko cha jani tu. Mimi nilikata sentimita nzima, siga ikaanza kufumuka kama mkeka uliochakaa, na kwa muda wote uliofuata nilikuwa nikizungumza huku nikitema vipande vya majani kwa heshima. Nilimweleza kwamba moshi wa siga haushushwi mapafuni bali hukaa mdomoni kisha ukatolewa, na kwamba yatosha kuvuta mara moja kwa dakika. Kwa kuwa yangu ilikuwa ikitishia kuzimika kila niliponyamaza, nikawa naivuta kama garimoshi linalopanda mlima.

"Tazama majivu," nilisema, nikiinyanyua juu ya bilauri yangu. "Siga iliyoviringwa vizuri hushikilia majivu hata sentimita tatu bila..."

Yakaanguka. Yote yaliingia ndani ya stauti, yakatoa mlio mdogo na kutoweka chini ya povu la kahawia. Shemeji wakati huo alikuwa akihangaika na kiberiti, hakuona kitu. Mtu mwenye akili angemwaga bia ile. Mimi, kwa kulinda hadhi, nilikunywa funda kubwa, nikafumba macho na kutangaza kwamba nasikia mkaa, ardhi iliyonyeshewa na, kwa mbali, ngozi ya kiatu.

"Naomba nionje, shemeji."

Ningemkataliaje? Alionja, akanyamaza kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kwa mshangao. "Mkaa upo kweli! Huu ujuzi wako si mchezo."

Sikuweza kumjibu, kwa sababu jasho jembamba la baridi lilikuwa limeanza kunitoka, mate yakinijaa mdomoni, na shemeji mmoja akawa anataka kuwa wawili. Nilikuja kujua baadaye kwamba jani la ligero huchumwa juu kabisa ya mche, mahali linapopigwa na jua kuliko mengine, na kwamba ndilo kali kupita yote. Kamusi ilisema kweli, ila mkulima hakuwa ameisoma. Nilikuja kujua pia kwamba moshi wa siga, hata usipoumeza, hupitisha nikotini kwenye ngozi laini ya mdomo, na kwamba ni vyema kwanza mtu awe amekula. Mimi nilikuwa nimeshinda na njaa kusudi ulimi uwe safi.

Niliomba radhi kwa lugha fasaha, nikatembea kwa kufuata ukuta hadi bafuni, nikalaza shavu kwenye sakafu. Vigae vile vilikuwa na ubaridi ambao hakuna bia iliyonifikishia siku ile. Yaliyofuata hayaandikiki.

Baada ya muda mlango uligongwa kwa adabu.

"Shemeji, samahani kukusumbua. Pilsna yangu imekwisha, nikaona nimalizie ile stauti yako. Sasa nimefungua chupa nyingine ya aina ileile, lakini hii haina mkaa hata kidogo. Uliiwekea nini?"