Mafuta mazito si dawa ya ponti

Ukifika garajini hapa Bukavu na Land Cruiser inayolia nyuma, dawa ya kwanza utakayoambiwa ni ileile: “Papa, weka 140, itanyamaza.” Hiyo 140 ni namba ya mafuta mazito. Na kweli hunyamaza. Meno yaliyolika ya ponti, ule mtambo wa gia ulio kati ya magurudumu, yanafunikwa na mafuta hayo, shofa anafurahi, gari linarudi njia ya Kamituga na mzigo wake. Desturi hii naipinga kwa nguvu zangu zote. Ponti inapolia inakueleza jambo, na fundi anayeizima kabla ya kuisikiliza anampeleka mwenye gari kulala Mwenga akisubiri kipuri kutoka mjini.

Ponti, au difu kama wanavyosema wenzetu wa Kenya na Tanzania, haifanyi kazi kama injini. Ndani yake kuna pinyo ndogo inayozungusha kuroni, lile gurudumu kubwa la meno. Pinyo hiyo haikuelekezwa katikati ya kuroni, imesogezwa kando kidogo. Kwa sababu hiyo meno hayasukumani tu, yanateleza jino juu ya jino huku yamekandamizwa na nguvu yote inayokwenda magurudumuni. Mafuta ya kawaida hapo hubanwa yakatoka, chuma kikabaki kinasugua chuma. Ndiyo maana mafuta ya ponti huwekwa viambato vya salfa na fosforasi. Chuma kikipata joto na shinikizo, viambato hivyo hushikana nacho na kufanya utando mwembamba sana, na utando huo ndio unaolika badala ya jino.

Alama ya GL iliyoandikwa kwenye bidoni inaeleza habari hiyo. GL-5 ndiyo ya ponti za namna hii. GL-4 ina takriban nusu ya viambato hivyo. Hata hivyo mteja akifika dukani huuliza bei, kisha huuliza namba, na GL haiulizi kabisa.

Namba yenyewe inapotosha wengi. Mtu anaona 90, anakumbuka kwamba injini yake inatumia 40, anaamini ya ponti ni mazito mara mbili. Vipimo hivyo ni viwili tofauti. Kwenye joto la digrii 100, mafuta ya ponti ya SAE 90 yana unene wa sentistoki 13.5 hadi 18.5, na ya injini ya SAE 40 yana 12.5 hadi 16.3. Yanakaribiana sana! Kwa hiyo anayemimina mafuta ya injini kwenye ponti kwa kuwa “yanashikana vizuri” amepata unene na amekosa kinga. Anayemimina mafuta ya vidanji, yale meusi yaliyokwisha kutumika, simwelewi hata kidogo.

Kwa magari ya 4x4 tunayoendesha huku milimani, 80W-90 (yaani 90 inayotiririka hata kwenye baridi) ya GL-5 inatosha kabisa, isipokuwa kitabu cha gari kiseme vingine. Mji wetu uko juu, karibu mita 1,500, na asubuhi zake ni za baridi. 140 huchelewa kusambaa hadi kwenye rulema (beringi) za pinyo, inaburuza gari, na nguvu hiyo inayopotea inageuka joto. Lori lililojazwa saruji, linaloshinda kwenye joto la bonde la Ruzizi, linaweza kuihitaji ikiwa mtengenezaji amesema hivyo. Ponti inayolia inahitaji kufunguliwa.

Bwati ya vitesi, yaani giaboksi, usiichanganye na ponti. Ndani ya bwati kuna pete za shaba zinazopaswa kushika kidogo ili gia iingie bila kukwaruza, na GL-5 huweza kuzifanya ziteleze mno. Baadhi ya GL-5, hasa za miundo ya zamani, huila shaba yenyewe. Toyota nyingi kitabu kinaruhusu GL-4 au GL-5 kwenye bwati, lakini kuna magari yanayotaka GL-4 peke yake. Na kama ponti yako ya nyuma ni ya LSD, ile inayozuia gurudumu moja kuteleza peke yake, yenye sahani za msuguano, tafuta mafuta yaliyoandikwa LSD, la sivyo itatetemeka na kugonga kila unapokata kona kali.

Sasa maji, maana hapo ndipo ponti nyingi za Kivu zinapofia.

Gari limepanda mlima na mzigo, ponti imepata moto, kisha linaingia mtoni au kwenye dimbwi linalofika tumboni. Hewa iliyomo ndani inapoa ghafla na kusinyaa, na ponti inaanza kuvuta. Kila ponti ina kitundu cha kupumulia juu yake, chenye kifuniko kidogo. Kwenye tope letu jekundu kifuniko hicho huziba mapema sana. Kikiziba, ponti inavuta kupitia sili za ekseli, zile pete za kuzuia mafuta yasivuje, na maji yanaingia. Ukiyafungua mafuta siku chache baadaye yana rangi ya chai ya maziwa. Hata uwe umeweka mafuta ya bei gani, hayo hayalindi tena: rulema zinapata kutu na meno yanaanza kumeguka.

Kitundu kilichoziba kina madhara mengine wakati wa joto. Hewa inapanuka, inakosa pa kutokea, inasukuma mafuta nje kupitia sili zilezile hadi kwenye breki za nyuma. Hebu fikiria gari la abiria likishuka Ngomo kuelekea Kamanyola, breki za nyuma zimelowa mafuta ya ponti. Abiria hawajui, na shofa anajua akiwa tayari kwenye mteremko. Sijui kwa nini hatulizungumzi jambo hili kila siku, wakati tiba yake ni mpira mwembamba unaotoka kwenye kitundu hadi juu karibu na injini, pamoja na klemu mbili. Kila gari linalokwenda Shabunda au Bunyakiri lingepaswa kuwa nao.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama anunue sintetiki, mafuta yaliyotengenezwa kikemia, ya bei kubwa, kwanza namuuliza anapita wapi. Sintetiki ni mafuta mazuri, yanavumilia joto na kudumu. Lakini kudumu kwake hakuna faida ikiwa maji yataingia kabla ya mvua kuisha. Ponti za Land Cruiser huchukua takriban lita 3 kila moja, yaani lita 6 kwa mbele na nyuma. Ningechukua GL-5 ya kawaida, ya kweli, niibadilishe mvua zinapokaribia Septemba, na tena zinapokatika. Vitabu vingi vya Toyota hutaja kilomita 40,000 kwa barabara nzuri na nusu yake kwa kazi ngumu. Hizo ni hesabu za mtu ambaye hajavuka mto. Ponti ikizama, ifunguliwe wiki hiyohiyo.

Nimesema ya kweli kwa sababu bidoni la zamani huweza kujazwa upya. Ukinunua sokoni Kadutu, angalia kama pete ya kifuniko haijakatwa, na usikubali mafuta ya kupimiwa kwenye chupa ya maji. GL-5 nyingi zina harufu kali ya salfa. Harufu hiyo haithibitishi ubora, ila mafuta ya madini, yaani yasiyo sintetiki, yasiyonuka kabisa ningeyarudisha.

Siku ya vidanji, yaani ya kubadilisha mafuta, simama pale fundi anapofanya kazi. Afungue kwanza bulo (boliti) ya kujazia, kabla ya ile ya kumwagia, maana bulo ya juu ikigoma baada ya mafuta kumwagika gari halitoki hapo. Gari lisimame sawasawa na mafuta yawe na uvuguvugu. Sumaku ya bulo ya chini ikitoka na uji laini wa kijivu, ni mliko wa kawaida. Ikitoka na vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, msijaze kwanza: ponti ishushwe, na fundi akutajie ni jino gani au rulema gani.