Mchezo wa watu kumi, nani aandikwe kwenye jalada?

Kuna ubishi hauishi kwenye vikundi vya maigizo hapa Dar, utausikia kwa watu wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na utausikia kwa vijana wanaofanyia mazoezi kwenye madarasa ya shule ya msingi jioni: mchezo tuutengeneze wote au mmoja aandike wengine wacheze? Mi nipo upande wa kutengeneza pamoja, ila ina gharama yake ambayo tunaifumbia macho na inaniuma kweli.

Uzuri kwanza maana ni mkubwa. Skripti ya mtu mmoja mara nyingi inafanya watu waongee kama barua ya serikali. Niliwahi kukaa kwenye mazoezi Mwananyamala, dada anayecheza mama kapewa mstari "mwanangu, matendo yako yananihuzunisha sana", akausema kama ulivyo, ukapoa kabisa. Dairekta akamwambia weka karatasi chini, mwanao karudi saa nane usiku, unamwambiaje? Akakaza khanga kiunoni, akamsogelea yule kijana mpaka usoni: "We, hivi unanijua au unanisikia?" Kijana akarudi nyuma bila kuambiwa na mtu, na kule kurudi nyuma kukabaki kwenye mchezo mpaka siku ya onyesho. Sasa ule mstari ni wa dada, kule kurudi nyuma ni kwa kijana, na aliyesema weka karatasi chini ni dairekta, yaani hapo hakuna mtu anayeweza kusema hiki changu peke yangu.

Na si mambo ya jana haya. Kule Malya, Mwanza, mwaka 1982 na 1983, wasomi wa sanaa wa Chuo Kikuu walikaa na wanakijiji, wakazungumza matatizo yao, michezo ikatokea humo humo pamoja na ngoma zao. Wenye tatizo ndio walioliigiza, na hapo mwandishi kutoka mjini angebuni nini?

Wanaopinga watakuambia manahodha wengi chombo huenda mrama. Ni kweli mazoezi ya hivyo yanachosha, kila mtu anataka sini yake irefuke, mwenye sauti kubwa anashinda hata kama wazo lake bovu. Ila hilo dairekta mwenye msimamo analimaliza.

Kinachonisumbua ni michezo hii kupotea. Vichekesho vya enzi za kikundi cha ngoma na maigizo cha Muungano Cultural Troupe na wenzao vilijaza kumbi za baa hapa Dar, wachezaji walikuwa wanakubaliana kisa tu halafu maneno wanayapata wakiwa stejini, watu wanacheka mpaka machozi. Leo mwanafunzi akitaka kusoma hata kimoja atakipata wapi? Wakati tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein iliyotoka 1969 bado ipo, inasomwa, inachezwa upya, kwa sababu mtu alikaa akaandika. Na mchezaji akihamia kwenye muvi au tamthilia za TV anaondoka na mistari yake kichwani, anayeshika nafasi yake anaanza moja.

Halafu pesa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inaitambua kazi ya watunzi zaidi ya mmoja, sawa, lakini ukienda kudai umebeba nini mkononi? Mchezo ukipata mfadhili au ukinunuliwa, jina linalotajwa ni la mwenye kikundi, na yule dada wa khanga anapewa nauli na asante. Hapo wanaotaka mwandishi mmoja wana hoja nzito, maana kwao angalau inajulikana nani alipwe.

Ila sikubali kwamba dawa ni kumrudishia mmoja kalamu. Tamthilia ya Harakati za Ukombozi ilitoka 1982 ikiwa na majina matatu, Amandina Lihamba, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, na kitabu ni kimoja. Kwa hiyo inawezekana, tatizo letu ni kwamba kwenye mazoezi hakuna anayeandika. Simu kila mtu anayo, rekodini, kila wiki mmoja akae aandike kilichobaki na nani alikileta, majina yaingie kwenye bango na kwenye skripti, na asilimia zikubaliwe kabla mfadhili hajapiga simu, maana akishapiga hakuna atakayekumbuka vizuri mstari ulikuwa wa nani.